Kwa nini hatulingani? Nadharia za sosholojia zikipimwa kwenye dawati moja la kidato cha kwanza

Mjadala wa walionacho na wasionacho ukishapamba moto, hakosekani mtu wa kuufunga kwa maneno matatu: hata vidole havilingani. Mimi niliyasikia kwenye mkutano wa wazazi wa shule ya kata niliyokuwa nikifundisha, mwanzoni mwa 2013, siku chache baada ya matokeo ya kidato cha nne kutangazwa. Zaidi ya nusu ya watahiniwa wote nchini walikuwa wamepata divisheni ziro, yaani wamefeli. Miezi michache baadaye serikali iliagiza matokeo yale yapangwe upya, lakini siku ile hakuna aliyejua. Mzee mmoja alisimama, akasema kila mtoto ana riziki yake na vidole havilingani. Watu wakaitikia kwa vichwa, ajenda ikahamia kwenye michango ya madawati.

Sikusema neno siku ile, na limenikaa rohoni mpaka leo. Vidole vinapishana urefu, ni kweli. Lakini damu inavifikia vyote, na tonge la ugali halikamatiki kwa kidole kimoja. Tukizungumzia ukosefu wa usawa katika jamii hatuzungumzii kupishana kwa aina hiyo. Tunazungumzia tofauti iliyogeuzwa kuwa mlango: huyu anapita, yule anabaki nje, na wajukuu zao wanakuja kuukuta mlango uleule.

Sosholojia ina majibu kadhaa kuhusu mlango huo, na hayapatani. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya mtu anayelazimika kuchagua: mwanafunzi wa chuo aliyeambiwa na msimamizi wake atafute nadharia ya tasnifu, mwalimu, diwani, mtu wa asasi anayeandaa mradi. Kila nadharia nitaiuliza maswali mawili. Mlango huu ulijengwa na nani? Na unamtaka nani aamke kesho asubuhi akafanye kazi ya kuufungua?

Dawati lenyewe

Nilikuwa na wanafunzi wawili wa kidato cha kwanza waliokaa dawati moja. Binti alitoka shule ya msingi ya serikali, zile ambazo mitaani zinaitwa Kayumba, alikosoma kwa Kiswahili miaka yote saba. Kijana alitoka shule ya kulipia, ingilishi midiamu. Alikuja kwetu kwa sababu baba yake alifariki, duka likafungwa, mama akahamia na watoto kwa bibi yao, nyumba tatu kutoka kwa akina binti. Kwa hiyo wakati huo wote wawili walikuwa wakichota maji bomba moja, wakila chakula cha aina moja na kuja shule kwa miguu kwa njia moja. Sekondari, kama tujuavyo, masomo karibu yote hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza.

Katika somo la historia, tulipofika mada ya ufuaji wa chuma, yule binti, ambaye babu yake alitoka Ufipa, alinifuata wakati wa mapumziko. Alinieleza jinsi Wafipa walivyojenga malungu, yale matanuri marefu ya udongo: mkaa na mawe ya chuma vilivyopangwa kwa zamu, matundu ya chini ya kuingizia hewa, siku za kusubiri moto umalize kazi. Alieleza vizuri kuliko kitabu nilichokuwa nacho mkononi. Wiki iliyofuata nikatoa jaribio. Chini ya swali lililouliza habari hiyohiyo kwa Kiingereza, aliandika swali lenyewe, neno kwa neno, kama jibu. Kijana aliandika sentensi nne za kawaida, zisizo na kosa. Yeye alipata nane kati ya kumi, binti akapata sifuri, na aliyesahihisha ni mimi.

Miaka minne baadaye kijana alipata daraja la pili akaenda kidato cha tano. Binti alipata ziro. Kwa nini?

Uamilifu: ngazi lazima iwepo

Mwaka 1945 Wamarekani wawili, Kingsley Davis na Wilbert Moore, walichapisha makala fupi ambayo hadi leo haiepukiki katika somo hili. Hoja yao, iliyo ndani ya nadharia inayoitwa uamilifu (functionalism), ni hii: katika kila jamii kuna kazi zenye uzito kuliko nyingine, na baadhi zinahitaji kipaji adimu au mafunzo marefu. Ili watu wakubali kujinyima miaka yote hiyo, jamii inaziwekea kazi hizo malipo makubwa na heshima kubwa. Kutolingana basi ni chambo. Kikiondolewa, nafasi ngumu zitakosa watu.

Usiidharau hoja hii kabla hujaisikiliza. Daktari anasoma miaka mitano chuoni, kisha mwaka mzima wa mazoezi hospitalini, na bado unataka akakubali kupangiwa zahanati ya mbali Kigoma. Ukimlipa sawa na mtu aliyeingia kazini bila mafunzo yoyote, utampata nani? Yeyote aliyewahi kusimamia watumishi anajua swali hilo si la mzaha. Na ule msemo wa vidole, ukiuchunguza, ni uamilifu uliovaa kanzu ya nyumbani.

Kasoro yake ilionyeshwa mapema. Mwaka 1953 Melvin Tumin, mwanasosholojia mwingine wa Marekani, aliuliza: nani anapima uzito wa kazi? Chukua wazoa taka. Agosti 2015 kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam, jiji zima lilielewa uzito wa kazi yao, na Desemba 9 mwaka huohuo Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru akaigeuza siku kuwa ya kufagia na kuzoa taka nchi nzima. Malipo ya mzoa taka hayakupanda ngazi kwa sababu uzito wa kazi yake ulionekana. Kumbe malipo yanapangwa na walio karibu na meza ya kupangia.

Tumin aliongeza jambo linaloligusa dawati letu moja kwa moja. Ngazi inayosifiwa kwamba inavumbua vipaji ndiyo inayovizika, kwa sababu mtoto wa aliye chini hafikii hata mahali pa kuonyesha alichonacho. Uamilifu unahitaji chujio la haki. Chujio langu mimi, lile jaribio la historia, lilidai kupima historia na likapima Kiingereza. Mtu akiniambia binti yule alichujwa kwa kukosa kipaji, namkatalia, kwa sababu nilimsikia kwa masikio yangu.

Je, nadharia hii inamtaka nani afanye kazi? Aliye chini peke yake. Ajitahidi. Hapo ndipo ninapoachana nayo. Bado ningemshauri mwanafunzi aisome kwa makini, kwa kuwa ndiyo atakayokutana nayo kwenye kila mkutano wa wazazi.

Marx: nani anamiliki, nani anauza jasho

Karl Marx, mwanafalsafa Mjerumani wa karne ya 19, anaanzia mahali pengine kabisa. Usiulize kazi ipi ni muhimu. Uliza ardhi, mashine na mtaji ni vya nani. Asiye navyo hana la kuuza isipokuwa nguvu zake, na mwenye navyo anamlipa pungufu ya thamani anayoizalisha. Ziada inabaki juu. Kutolingana hakuleti faida kwa jamii yote. Kunaleta faida kwa upande mmoja, na sheria, shule na mahubiri hupindwa taratibu kuutetea upande huo.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kamusi hapa. Maneno yote tunayo, tumeachiwa na Azimio la Arusha la Februari 5, 1967: unyonyaji, kupe, ubepari, njia kuu za uchumi. Nyerere hakujiita Mmarx, na ujamaa wake aliujenga juu ya undugu badala ya vita vya matabaka. Lakini Azimio lilichukua swali la umiliki na kulifanya sera: mabenki yakataifishwa, na kiongozi akakatazwa kuwa na mishahara miwili, nyumba za kupangisha au hisa katika makampuni. Kwa wanaotaka kuijaribu nadharia hii kwa historia ya kweli, huo ni uwanja mzuri mno, kwa sababu una pande zote mbili. Miaka michache baadaye msomi Issa Shivji, akiwa pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika kwamba mali ilipohamia kwa dola, walioishika dola walianza kuwa tabaka jipya. Hakumkana Marx. Aliitumia nadharia kuwahoji waliodai wameshaitekeleza. Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama kikalegeza yale masharti ya uongozi, na milango iliyofungwa 1967 ikafunguliwa mchana kweupe.

Kwenye dawati, Marx anaona mengi. Anaona kwamba elimu imegeuka bidhaa: tangu miaka ya 1990 shule za kulipia ziliporuhusiwa kutapakaa, Kiingereza kimekuwa kitu cha kununua kwa muhula. Anaona kwa nini shule ya kata ilikuwa na kitabu kimoja kwa dawati tano. Anamtaka kazini mwenye mali, mtunga bajeti na mkusanya kodi, na kwa hilo namheshimu.

Lakini kuna tatizo. Wakati ule wote wawili hawakuwa na kitu! Ukienda nyumba kwa nyumba na dodoso linalouliza mapato na umiliki, ungewaandika tabaka moja, mstari mmoja. Marx akitaka kueleza tofauti yao inabidi arudi nyuma miaka saba, zilipokuwa zikilipwa ada za kijana. Ada zile zilikwisha, duka likafungwa, na bado kitu kilibaki kichwani na mdomoni mwa kijana kikiendelea kumfungulia milango. Kitu hicho ni nini? Nadharia ya umiliki peke yake hainipi jina lake.

Weber: hadhi na kujuana

Max Weber, mwanasosholojia Mjerumani aliyefariki 1920, alikubali kwamba mali inagawa watu, akakataa kwamba ndiyo mgawanyo pekee. Alitenganisha mambo matatu: tabaka, yaani nafasi ya mtu sokoni, hadhi, yaani heshima ambayo watu wanampa au wanamnyima, na nguvu za kupitia vyama na ofisi. Matatu haya mara nyingi huandamana, ila si lazima.

Pwani yetu ni ushahidi wake. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Unguja mwaka 1897. Sheria ilibadilika kwa siku moja, hadhi haikubadilika. Waliotoka utumwani waliendelea kuhesabiwa si waungwana, ndipo wanawake wakaacha kaniki, kitambaa kilichowatambulisha kuwa watumwa, wakajifunga kanga, wakijidai uungwana kwa nguo kabla hawajapewa kwa maneno. Mtazame Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika ukoo wa waliowahi kuwa watumwa. Aliimba mpaka mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodiwa sahani za santuri, sauti yake ikavuka bahari. Umaarufu na kipato alivipata, na bado wapo waliomkejeli kwa asili yake na sura yake. Dodoso la mapato lisingeona kejeli hiyo. Weber anaiona.

Anaona pia namna kundi lililo ndani linavyofunga mlango nyuma yake. Sisi tuna neno, undugunaizesheni, na kila aliyewahi kusubiri usaili wa kazi ambayo tayari ina mwenyewe analielewa. Vyeti navyo ni kufuli. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere aliwafukuza mamia yao, na katika ghadhabu ileile akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Davis na Moore wangesema wasomi wale ni adimu, walipwe. Mmarx angesema ni chipukizi la tabaka tawala. Mimi namwona Weber amekaribia zaidi: walikuwa kundi la hadhi, lililoanza kujiona si la kulala kambini na wakulima, kabla hata hawajamiliki baiskeli.

Udhaifu wake kwa mtafiti ni kwamba anakupa vipimo vitatu bila kukuambia kipi kinavuta vingine. Tasnifu nyingi za Kiweber nilizozisoma zinaishia kuorodhesha. Na swali la nani afanye kazi linapata jibu la kutawanyika: waajiri, wakuu wa ofisi, kamati za usaili, kila mwenye ufunguo.

Bourdieu: urithi usiogusika

Hapa nitakaa, kwa kuwa hapa ndipo dawati lilipopata jina.

Mwanasosholojia Pierre Bourdieu alizaliwa 1930 katika kijiji cha Denguin, kusini-magharibi mwa Ufaransa, mtoto wa mfanyakazi wa posta, katika eneo ambako watu wa vijijini walizungumza lugha yao na Kifaransa kilikuwa cha shule. Alipanda hadi vyuo vya juu kabisa Paris, na maisha yake yote aliandika kuhusu mlango alioupita yeye wakati wenzake walibaki. Alisema mtaji si fedha tu. Upo mtaji wa kujuana, na upo mtaji wa utamaduni: namna ya kuzungumza, kuketi, kushika kitabu, kumjibu mwalimu. Huu wa utamaduni unakaa katika sura tatu, ndani ya mwili kama mazoea, katika vitu kama vitabu, na katika vyeti. Shule inawataka watoto wote wawe nao lakini haiwafundishi. Inawapima kwa kitu ambacho wengine walikuja nacho kutoka nyumbani, kisha inakiita kipaji.

Kile kilichobaki mdomoni mwa kijana baada ya duka kufungwa ndicho hicho. Deni halikukifikia, dalali hakukipiga mnada.

Bourdieu ana jambo la pili, zito zaidi, ambalo nalielewa kama udhalimu usiohitaji fimbo: aliyeshindwa anakubali hukumu kuwa ni ya haki. Kufikia kidato cha pili yule binti hakuwa tena akinifuata wakati wa mapumziko. Nilipomwuliza, alinijibu, "Mwalimu, mimi historia siiwezi, sina kichwa." Mtoto aliyenifundisha malungu! Shule ilikuwa imemwaminisha kwamba kutojua lugha ya swali ni kutojua jibu, na mkono uliomwaminisha ulikuwa na kalamu yangu nyekundu.

Lakini usimbebe Bourdieu mzimamzima kutoka Paris. Aliwaza juu ya nchi ambako watu wa juu wanazungumza lugha ya shule mezani nyumbani, na mtoto anairithi pamoja na maziwa. Kwetu sivyo. Tajiri wa Masaki na mama lishe wa Manzese wote nyumbani wanazungumza Kiswahili. Kiingereza cha mtoto wa tajiri kwa kiasi kikubwa kimenunuliwa, kwa risiti, muhula baada ya muhula. Kwa hiyo mtaji wa utamaduni hapa uko karibu sana na pochi, na anayeandika juu ya shule zetu bila kuuliza ada ataeleza nusu ya jambo. Ndiyo maana pia utamkuta mzazi maskini anauza mbuzi ili mtoto mmoja kati ya wanne aende ingilishi midiamu. Mzazi huyo hajadanganywa. Amesoma soko vizuri. Na kwa mtoto wa Kisukuma au wa Kihadzabe aliyeanza darasa la kwanza bila Kiswahili, ukuta huu wa Kiingereza ulikuwa wa pili, wa kwanza aliukwea akiwa na miaka saba.

Je, nani anajenga mlango? Wengi, bila kukusudia, nami nikiwamo. Nani afanye kazi? Mwalimu, mtunga mtihani, mtunga sera ya lugha. Tume ya Rais ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari ianze kufundishwa kwa Kiswahili kuanzia 1985. Pendekezo halikutekelezwa. Nyerere mwenyewe, aliyekipenda Kiswahili kuliko wengi, alipata kusema kwamba Kiingereza ndicho Kiswahili cha dunia.

Mlango ulio ndani ya nyumba

Nadharia zote nilizotaja zinaweza kusimuliwa bila kutaja kwamba mmoja wa wale wawili alikuwa msichana. Wanasosholojia wa mrengo wa kijinsia wanasema kosa hilo halisameheki, nami nakubaliana nao.

Nimesema walichota maji bomba moja. Kijana alichota akipenda. Binti alichota kabla ya shule na baada ya shule, akapika, akaogesha wadogo zake. Saa hizo hazimo kwenye hesabu ya unyonyaji kiwandani, wala kwenye orodha ya hadhi. Angepata mimba, asingerudi darasani: milango ya shule za serikali ilifunguliwa tena rasmi kwa wasichana waliojifungua Novemba 2021 tu. Na Sheria ya Ndoa ya 1971 imeruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, jambo ambalo Mahakama Kuu ilisema 2016 linakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikashikilia hivyohivyo 2019.

Anayedhani umiliki unaeleza yote, atazame kesi iliyoamuliwa na Mahakama Kuu pale Mwanza mwaka 1990. Mwanamke wa Kihaya aliachiwa shamba na baba yake kwa wosia, akaliuza. Ndugu wa kiume akapinga, kwa kuwa mila haikumruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila hiyo inapingana na usawa ulio katika Katiba. Kabla ya hukumu ile, ukiandika "kaya hii ina ekari tatu", ulikuwa umeandika uongo kwa nusu ya wanakaya.

Mmarekani Kimberlé Crenshaw alilipa jambo hili, la kubanwa na zaidi ya kitu kimoja kwa wakati mmoja, jina la "intersectionality" mwaka 1989, akitumia picha ya njia panda: aliyesimama pale magari yanamjia kutoka pande zote, na ripoti ya ajali ikitaja gari moja haijasema ukweli. Usiitumie picha hiyo kama pambo la ukurasa wa mwisho wa tasnifu. Kama unaichagua, kusanya saa za kazi za nyumbani kwa msichana na kwa mvulana, siku kwa siku.

Rodney: mlango uliojengwa nje

Kwa nini lugha ya mlango ni Kiingereza na si nyingine? Hapo lazima utoke nje ya kijiji. Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana aliyefundisha Dar es Salaam na kuandika hapo kitabu chake maarufu cha 1972, alieleza kwamba umaskini wa Afrika na utajiri wa Ulaya ni hadithi moja. Reli zilikimbilia bandarini. Shule zilikuwa chache, za kutoa makarani, na chini ya Waingereza ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia, za Waafrika, kila moja na fungu lake. Kwa swali la nchi na nchi sijaona maelezo yanayoyashinda haya. Kwa swali la nyumba na nyumba, yanafika mlangoni na kuishia hapo, na yana hatari moja: kibopa wa leo anaweza kujificha nyuma ya mkoloni wa jana. Rodney mwenyewe hakumpa maficho hayo. Wasomaji wake wengine wamempa.

Basi uchague ipi

Anza na swali lako, kisha ndipo nadharia. Kama unachunguza ardhi iliyochukuliwa, mishahara ya mashambani au mikataba ya migodi, mchukue Marx, na uende ukatafute hati, saa za kazi na viwango vya malipo. Kama unachunguza nani anaajiriwa, nani anaoa kwa nani, nani anaitwa mgeni pale alipozaliwa, Weber atakufaa. Kusanya orodha za waliopita na waliokataliwa. Kwa shule na mitihani, Bourdieu, kwa sharti nililolitaja la kuuliza ada. Kaa darasani, hesabu nani amefungua mdomo na kwa lugha gani. Jinsia isiwe chaguo mbadala wa hizo. Iwe safu ya ziada katika kila jedwali utakalochora. Uamilifu uuchukue kama dai la kupimwa: mahali popote unapoambiwa ngazi ni ya haki, nenda kalikague chujio.

Wasimamizi wengi hawapendi mwanafunzi achanganye nadharia, na mara nyingi wana haki, kwa kuwa zikichanganywa ovyo zinafunikana. Mbili zinabebeka kama kila moja umeipa kazi yake. Mimi ningeandika tasnifu ya dawati lile, ningempa Marx kazi ya kueleza jinsi Kiingereza kilivyopatikana, na Bourdieu kazi ya kueleza kilivyogeuka kuwa akili machoni pa watu.

Sikuandika tasnifu. Nilichofanya, mwaka mmoja baada ya binti yule kumaliza, ni kutoa jaribio lilelile mara mbili kwa kidato cha kwanza kipya: Jumatatu kwa Kiingereza, Jumanne kwa Kiswahili, maswali yaleyale. Orodha ya Jumatatu na ya Jumanne hazikufanana. Kadhaa waliokuwa mkiani walipanda hadi katikati, na wawili wakaingia kumi bora. Nilizipeleka ofisini nikiwa na furaha ambayo sijui niilinganishe na nini. Mkubwa wangu alizitazama kwa muda mrefu, akazirudisha, akaniambia nisirudie tena, kwa sababu mtihani wa taifa hautakuwa na Jumanne.